Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Sauti Kwenye Kompyuta ya Mifumo Miwili

Kompyuta yangu mpakato ina mifumo miwili, Windows na Linux Mint. Windows naihitaji kwa sababu wanaonipa kazi za kuchapa hapa Vihingo wana fomu na programu zisizofunguka vizuri kwingine. Linux ndiyo ninayofanyia kazi niipendayo kuliko zote: kurekodi wazee wa Kizaramo na kuhariri sauti zao. Nina hadithi, mafumbo, nyimbo za mdundiko, na masimulizi ya jinsi mwali alivyokuwa akitolewa zamani. Kizaramo leo kimebaki zaidi vinywani mwa wazee. Vijana wetu wa Kisarawe na Kibaha wanakisikia, lakini wanajibu kwa Kiswahili. Kwa hiyo kwangu kompyuta isiyotoa sauti ni kazi iliyosimama, na wazee hawangoji.

Nayo imeninyamazia mara nyingi, kila mara kwa sababu yake. Fundi wa kompyuta kwa sisi wa huku ni wa kumfuata Kibaha mjini au Kariakoo, na jibu la haraka huwa ni hili: “Kaka, hii tupige window tu.” Yaani wafute diski, waweke Windows upya. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na Linux yenye kazi zako zote imekwenda nayo. Niliyojifunza naandika hapa ili mwenye kompyuta kama yangu asifutiwe diski kwa tatizo ambalo pengine lingeisha akiwa amekaa barazani kwake.

1. Kabla ya fundi, washa mfumo wa pili

Mwenye mfumo mmoja, sauti ikikatika, hana pa kulinganisha. Mwenye miwili anapo. Sauti ikipotea upande wa Linux, nazima, nawasha Windows, nacheza wimbo wowote. Ukisikika, basi spika ni nzima, nyaya ni nzima, kadi ya sauti ni nzima. Tatizo liko kwenye mipangilio au draiva ya Linux, na hakuna sababu ya mtu kushika bisibisi. Kinyume chake pia ni kweli: Linux ikiimba na Windows iko kimya, tafuta draiva ya Windows. Kukiwa kimya pande zote mbili, hapo ndipo unaanza kushuku kifaa chenyewe, ingawa bado usikimbilie kukifungua, kwa sababu yapo mambo mawili au matatu ya nje ambayo nitayataja.

Kuna na shahidi wa tatu, naye ni flashi. Linux Mint inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo flashi ya GB 4 inatosha. Ni mzigo kwa bando la simu, sikatai, lakini unalipakua siku moja ukiwa mahali penye intaneti nzuri, unaitengeneza flashi, unaiweka kabatini na kuiandika jina. Siku sauti ikipotea, unawasha kompyuta kwa flashi hiyo. Sauti ikitoka, ujue kadi yako inafahamika vizuri, na kilichoharibika ni mipangilio ya Linux uliyoisimika, au sasisho lililoingia hivi karibuni. Isipotoka, na huku Windows inatoa sauti, basi toleo hilo la Linux linakosa kitu ambacho kadi yako inakihitaji. Majibu hayo matatu, ya Windows, ya Linux iliyosimikwa na ya Linux ya flashi, hupunguza eneo la kutafuta kwa kiasi kikubwa, na hayajakugharimu hata senti ya fundi.

2. Kuzima Windows si lazima kuwe ni kuzima kompyuta

Hili limenisaidia kuliko mengine yote, nami nitalieleza kwa urefu.

Tangu Windows 8 itoke mwaka 2012, mfumo huo una njia ya kuwaka haraka, ambayo kwenye skrini inaitwa Fast Startup. Unapobofya kuzima, programu zako zinafungwa, lakini kiini cha mfumo pamoja na hali ya draiva vinahifadhiwa kwenye faili la diski liitwalo hiberfil.sys. Ukiwasha tena, Windows haianzi mwanzo, inaendelea pale ilipolala. Kwa mwenye mfumo mmoja ni jambo jema, mashine inawaka upesi. Kwa mwenye miwili linaleta matatizo mawili.

La kwanza ni la mafaili. Linux inaiona sehemu ya diski ya Windows kama nyumba ambayo mwenyewe bado amelala ndani, kwa hiyo inaifungua kwa kusoma tu na kukataa kuandika. Kama rekodi zako unazihifadhi huko ili zifikike pande zote mbili, utashangaa kwa nini hazihifadhiki. La pili ndilo la sauti. Draiva ya Windows huiweka chipu ya sauti katika hali yake yenyewe: kikuza sauti kipi kiwashwe, tundu la hedifoni litoe nini. Ukitoka Windows kwenda Linux kwa kuwasha upya bila kuzima kabisa, chipu hiyo pengine haikukatiwa umeme hata sekunde moja. Linux inaikuta na mipangilio ya mwenzake, inaituma sauti, sauti haitoki. Draiva haionyeshi kosa lolote, kiwango cha sauti kiko juu, mistari ya programu ya kuhariri inacheza, na wewe husikii kitu.

Ugonjwa huu unatambulika kwa mpangilio wa matukio. Ukitoka Windows, sauti hakuna. Ukizima kabisa, ukasubiri kidogo, ukawasha Linux moja kwa moja, sauti ipo. Ukiona hivyo usihangaike na draiva. Tiba ya siku hiyo ni kuzima kompyuta, kuchomoa chaja, kutoa betri kama ni ya kutoka, kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika hivi ili umeme uliobaki uishe, kisha kuwasha Linux. Tiba ya kudumu ni kuondoa ile njia ya kuwaka haraka, kisha kuzima kabisa badala ya kuwasha upya kila unapohamia Linux. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, bonyeza Enter. Faili la hiberfil.sys linafutika na diski inapata nafasi ya GB kadhaa. Windows itachukua muda zaidi kidogo kuwaka, na hutaweza tena kuilaza kwa kuhifadhi kazi zilizofunguliwa kwenye diski. Kwangu hiyo ni bei nafuu. Jambo moja la kuangalia: masasisho makubwa ya Windows yanaweza kukirudisha kipengele hicho, kwa hiyo ukiona ugonjwa umerudi, rudia amri ile.

Kwa kuwa tuko hapa, niseme na la saa. Linux huweka saa ya ndani ya mashine kwa muda wa dunia, Windows huiweka kwa muda wa hapa. Afrika Mashariki tuko mbele ya muda wa dunia kwa saa tatu, basi ukihama mfumo mmoja kwenda mwingine bila intaneti ya kurekebisha, saa inapotea kwa saa tatu kamili. Kwa mtu anayehifadhi masimulizi ya wazee, tarehe na saa ya faili ni sehemu ya kumbukumbu. Upande wa Linux amri timedatectl set-local-rtc 1 inamaliza ugomvi huo.

3. Angalia kilichobanwa mahali usipopaona

Kitufe cha sauti pembeni mwa skrini ni mlango wa mbele tu. Chini yake kuna vidhibiti vingine ambavyo havionyeshwi, na kimoja kikiwa kimebanwa, sauti haitoki hata ufanye nini juu. Linux ina programu ndogo iitwayo alsamixer. Unafungua dirisha la amri, unaandika jina hilo, unapata nguzo za sauti. Nguzo yenye herufi MM chini yake imebanwa. Sogea hapo kwa mshale, bonyeza M, itageuka OO. Bonyeza F6 kuchagua kadi, kwa maana pengine unaangalia nguzo za kadi nyingine. Tafuta na kidhibiti kiitwacho Auto-Mute, kinachozima spika kikidhani hedifoni imechomekwa. Ukimaliza, sudo alsactl store inahifadhi ulichopanga.

4. Sauti pengine inatoka, ila inakwenda kwingine

Tundu la HDMI, lile la kuunganishia televisheni au projekta, linabeba picha na sauti pamoja. Kwa hiyo mfumo unalihesabu kama mahali pa kutolea sauti. Kwenye kompyuta nyingi za Intel za kizazi cha 4, zilizotoka mwaka 2013 na ambazo bado ni nyingi kwenye maduka ya mitumba, HDMI inaorodheshwa kama kadi inayojitegemea, na mara nyingi ndiyo inayopewa namba 0. Spika zako zinakuwa namba 1. Programu isiyoelekezwa vizuri inapeleka sauti kwa namba 0, na huko hakuna televisheni. Andika aplay -l uone orodha. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua spika za ndani, jaribu. Angalia na Bluetooth pia: spika ya jirani uliyowahi kuiunganisha siku ya sherehe inaweza kuwa ndiyo inayopokea.

5. Kimya pande zote mbili: anzia kwenye tundu la hedifoni

Nilisema usikimbilie bisibisi. Barabara zetu ni za vumbi kiangazi na tope masika, na mashine inayobebwa kwenye bodaboda inakula vumbi hilo. Ndani ya tundu la hedifoni mna kiswichi kidogo kinachoiambia kompyuta kwamba kuna kitu kimechomekwa. Uchafu ukikibana, kompyuta inaamini kuna hedifoni, inazima spika, Windows na Linux vilevile. Chomeka hedifoni usikilize. Kama humo sauti inatoka safi, yaelekea umepata jibu. Zima kompyuta, ingiza na kutoa pini ya hedifoni mara kadhaa, piga hewa kavu, pitisha brashi laini. Usiingize sindano. Usimwagie mafuta ya aina yoyote.

6. “Dummy Output” ina maana mfumo hauioni kadi

Wenye kompyuta za miaka ya karibuni, hasa zenye maikrofoni za kidijitali juu ya skrini, watakutana na maneno hayo kwenye mipangilio ya sauti ya Linux mahali ambapo pangeandikwa spika. Windows inaimba, Linux inasema hivyo. Mashine hizo zina kichakataji maalumu cha sauti ndani yake, na kichakataji hicho hakifanyi kazi mpaka kipewe programu yake ndogo kila kompyuta inapowaka. Kwa Intel, programu hiyo inatoka kwenye mradi wa Sound Open Firmware ulioanza kutangazwa mwaka 2018. Ikikosekana kwenye Linux yako, kadi haionekani kabisa. Kwenye Debian na jamaa zake, Ubuntu na Mint wakiwemo, kifurushi chake ni firmware-sof-signed. Unakisimika, unazima kabisa, unawasha.

Ikiwa sauti ilikuwepo ikapotea baada ya kusasisha, sababu ni nyingine. Linux haifuti keneli, yaani kiini cha mfumo, ya zamani mara moja. Kompyuta inapowaka, kwenye menyu ya GRUB ile ile unayochagulia kati ya Windows na Linux, kuna kipengele cha chaguo za ziada. Humo utaona keneli iliyotangulia. Iwashe hiyo. Sauti ikirudi, endelea na kazi zako kwa amani mpaka sasisho lijalo.

7. Jua ni nani anayesimamia sauti kwenye toleo lako

Nilikuwa nashangaa kwa nini maelekezo yaliyomsaidia mwenzangu hayafanyi kazi kwangu, na sisi sote tunatumia Linux Mint. Jibu liko kwenye historia. Chini kabisa kuna ALSA, kazi iliyoanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998, nayo ndiyo inayozungumza na kadi yenyewe. Juu yake, kwa miaka mingi, alikaa PulseAudio kama msimamizi anayechanganya sauti za programu mbalimbali. Kisha Wim Taymans wa Red Hat akaandika PipeWire. Fedora 34 iliichukua mwaka 2021, Ubuntu ikaifuata kwenye toleo la 22.10, na Linux Mint kwenye toleo la 22 la mwaka 2024.

Kwa hiyo kwenye Mint 21, msimamizi akizubaa, unamwamsha kwa pulseaudio -k. Kwenye Mint 22 ni systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber. Amri hizi huchukua sekunde chache na mara nyingi sauti inarudi bila kuwasha upya. Kabla ya kufuata ushauri wa mtu yeyote, muulize ni wa toleo lipi. Mengi yanayoharibika kwenye mashine za watu huharibiwa na amri za toleo jingine.

8. Maneno ya mwanzo yasipotee

Bibi mmoja alikuja nimchezee hadithi aliyonisimulia. Akasikiliza, akaniuliza, “Mjukuu wangu, mbona naanzia katikati?” Rekodi ilikuwa kamili, nilikuwa nimeisikiliza kwa hedifoni za USB. Ila kwenye spika za kompyuta, neno la kwanza lilikuwa linamezwa. Hadithi zetu huanza kwa mwito na kiitikio, na msimulizi anayekatiwa mwito wake amekosewa heshima.

Sababu ni kubana matumizi ya betri. Draiva ya sauti ya Linux huilaza kadi baada ya sekunde chache za ukimya. Sauti mpya ikija, kadi inaamka, na wakati inaamka kipande cha mwanzo kinapotea, au panatokea mlio wa “pa” kwenye spika. Tiba: echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save. Hiyo inakaa mpaka uzime. Ya kudumu ni kuandika mstari options snd_hda_intel power_save=0 kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d. Betri itaisha mapema kidogo. Nakubali.

9. Mvumo mwingine unatoka ukutani

Umeme wetu ni volti 230, mapigo 50 kwa sekunde, na kama nyumba haina waya wa ardhini uliofungwa sawasawa, mapigo hayo yanaingia kwenye rekodi kama mvumo mzito usiokoma. Nyumba nyingi vijijini ziko hivyo. Wenye sola wanaotumia inveta za bei ya chini wanapata mkwaruzo mkali zaidi, kwa sababu umeme wa inveta hizo hauna wimbi laini kama wa gridi. Jaribio lake ni la kitambo tu: chomoa chaja. Mvumo ukiisha, si draiva, si Linux, si Windows. Mimi sasa narekodi kwa betri daima, simu zimezimwa, chaja iko mbali na meza. Mvumo ukishaingia kwenye rekodi, programu ya kuhariri sauti ya Audacity inaweza kuupunguza, lakini inachukua pamoja nao uzito wa sauti ya mzee, na ule uzito ndio tunaoutaka.

10. Weka daftari, na uliandike Kiswahili

Ninaandika tarehe, mfumo niliokuwemo, nilikotoka, nilichosikia, nilichofanya. Matokeo ya aplay -l, na ya uname -r inayotaja keneli inayotumika, nayanakili wakati sauti iko nzima, ili siku ya kimya niwe na cha kulinganisha. Nayaandika yote kwa Kiswahili kwa sababu wanaokuja kuniuliza ni walimu, wenye maduka, vijana wa kwaya na wa kaswida, na wengi wao hawana haja ya kupitia Kiingereza ili spika iseme. Watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walishaonyesha mwaka 2004 kwa Jambo OpenOffice kwamba kazi ya kompyuta inafanyika kwa Kiswahili bila kupungukiwa. Mtu akienda kwa fundi na ukurasa wa daftari lake mkononi, mazungumzo hayaanzii kwenye kupiga window.

11. Yote yakishindikana, kuna kadi ya USB

Ikiwa umethibitisha kwa mifumo yote na flashi kwamba chipu ya ndani imekufa, usitupe mashine na usilipe kubadilishiwa ubao mzima. Kuna kadi ndogo za sauti za USB, ndogo kama flashi, zenye matundu mawili, la hedifoni na la maikrofoni. Nyingi zinafuata kanuni ya pamoja ya sauti kwa USB iliyowekwa mwaka 1998, kwa hiyo Windows na Linux zinazitambua bila kusimika chochote. Faida nyingine ni kwamba kadi ya nje ipo mbali na kelele za ndani ya kompyuta, na mara nyingi rekodi inakuwa safi zaidi.

Ukienda kununua, beba kompyuta yako na hedifoni. Ichomeke hapo hapo kaunta, andika arecord -l uone kama tundu la maikrofoni limeorodheshwa, kwa maana nyingine zina tundu lakini ndani hamna kitu. Rekodi sekunde tano, zicheze, kisha washa mfumo wa pili urudie. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda duka la jirani, Kariakoo hayakosekani.